Filta ya hewa ya Subaru ya turbo kwa vumbi letu la Tanga, ya karatasi au ya kuosha?

#1 Mwana_Sahare
Wakuu habari za saa hizi. Nina Impreza WRX ya 2004, ile ya turbo, gia za mkono, nimeichukua kwa jamaa huu mwezi wa tatu sasa. Kazini kwangu ni Pongwe kwa hiyo kila siku Sahare–Pongwe kwenda na kurudi, wikiendi nakwenda Pangani kwa wakwe na nikishachepuka kuingia kijijini ni vumbi mwanzo mwisho. Juzi nimepeleka kubadili oili, fundi kafungua boksi la filta ya hewa, wallah nilitaka kulia, filta nyeusi kama sufuria ya mama ntilie na kwenye mikunjo kuna jani la mkorosho na mende mmoja kakauka.

Sasa nimeambiwa bei tatu: karatasi ya elfu 18, karatasi orijino elfu 55, na ile nyekundu ya kuosha laki 2 na 60. Fundi ananisukumia hiyo ya kuosha, anasema inaongeza nguvu za farasi 15 na sitanunua filta tena maisha. Halafu kuna kitu kingine, gari ikiwa sailensa (imewaka tu, sijakanyaga mafuta) mshale wa mizunguko ya injini unapanda unashuka, na nikikanyaga ikifika kama mizunguko 3,000 pale turbo inapoamka inakohoa mara moja ndio inaondoka. Ni filta au ni nini? Msinitukane, nimezoea Vitz.

#2 Kahawa_Chungu
Nimeshaagiza kahawa na kashata, nakaa hapa kwenye benchi nawasubiri wataalamu.

#3 Psss_Tanga
Bro unauliza karatasi kwenye WRX? Toa boksi lote weka uyoga, ile filta ya duara inayokaa wazi bila boksi. Ukiachia gesi inapiga pssssss mpaka vijana wa Raskazone wanageuka. Mimi nimeweka tangu mwaka juzi na gari imekuwa nyepesi, huo ndio ushauri, mengine ni porojo za wazee.

#4 Fundi_Makorora
Mleta uzi usimsikilize huyo wa #3 kabla hujasikia haya. Kwenye hiyo Subaru ukifungua boksi la filta utaona mara tu baada ya filta kuna kidude kimefungwa na skrubu mbili, ndani kina waya mwembamba kama unywele. Hiyo ndiyo sensa ya hewa, sisi gereji tunaiita eaflo. Ule waya unapashwa moto, hewa ikipita inaupoza, kompyuta inahesabu hewa iliyoingia ndio inajua imwage petroli kiasi gani. Hesabu yake imepangwa kwa bomba la upana uleule la kiwandani. Ukiweka uyoga wenye bomba la upana mwingine, kompyuta inadanganywa, na injini ya turbo ikikosa petroli pale inapokandamizwa ndio unasikia pistoni imetoboka. Pili uyoga ukikaa wazi ndani ya boneti unavuta hewa ya moto ya turbo yenyewe. Mlio utapata kweli, nguvu hapana.

#5 Psss_Tanga
Fundi mbona yangu haijatoboka?

#6 Fundi_Makorora
Sijasema leo.

#7 Kahawa_Chungu
😂😂😂 kashata imenipalia

#8 Altezza_Chumbageni
Hizo za kuosha naomba nitoe ushahidi. Mimi nina Altezza, niliinunua ikiwa nayo tayari. Ikafika siku ya kuosha, nikampa kijana wa gereji moja (siitaji), kaiosha kwa petroli, kaipuliza na kompresa ile ya kujazia matairi, halafu sijui kamuuliza nani akaambiwa ile filta inapakwa oili nyekundu. Ni kweli inapakwa oili nyekundu! Ila oili yake maalum, nzito, inanata. Yeye kachukua ATF ya gia boksi, si nyekundu nayo? Kaimwagia kama anakaanga muhogo. Nimefika taa za Kange gari inazima, cheki injini imewaka, nikifungua bomba lote ndani limelowa. ATF nyepesi mno, imevutwa yote ikaenda kukaa kwenye waya wa eaflo. Niliosha sensa mara mbili ndio ikakaa sawa.

Kwa hiyo swali sio filta ni nzuri au mbaya, ni nani atakayekuoshea.

#9 Mjuzi_wa_Duga
Hapo kwenye oili ndio kuna siri. Hizi K&N za kuosha ni za Kijapani, zimetengenezwa kwa hali ya hewa ya kule kusikokuwa na vumbi, huku hazifai.

#10 Altezza_Chumbageni
Mjuzi leo umeteleza. K&N ni Wamarekani, Riverside kule California, walianza 1969 na walianzia kwenye pikipiki. Na California ina jangwa, vumbi wanalijua vizuri tu. Wajapani ni HKS, wale wa 1973.

#11 Mjuzi_wa_Duga
Sawa, nchi nimekosea ila hoja iko palepale.

#12 Kahawa_Chungu
Hoja iko palepale wakati nchi imehama 😂 Tanga raha.

#13 Mpima_Maji
Habari. Kuhusu farasi 15 nimewahi kupima mwenyewe, na sikuwa na mashine yoyote ya maana. Nina Forester ya turbo, injini ndugu na ya mleta uzi. Nilichukua ule mpira mweupe wa mafundi ujenzi wa kupimia levo, mita nne, ncha moja nikaichomeka kwenye bomba la hewa kati ya filta na turbo, mpira nikauingiza ndani ya gari, nikaukunja umbo la U nikaufunga kwenye ubao na gundi ya karatasi, nikatia maji yenye rangi ya unga wa juisi. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja. Kadiri filta inavyobana ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa, unapima kwa rula. Mdogo wangu anashika simu anarekodi. Jumapili alfajiri baada ya Kange hakuna magari, gia ya tatu mguu chini mpaka 6,000.

Filta chafu iliyokuwemo: sentimita 31. Karatasi mpya orijino: 17. Ya kuosha mpya niliyoazima: 14.

Sasa hesabu. Hewa yote iliyotukalia kichwani hapa Tanga ni sawa na maji yenye kina cha mita 10 na kidogo. Kati ya karatasi mpya na ya kuosha ni sentimita 3, yaani asilimia 0.3. Asilimia 0.3 ya farasi 250 haifiki hata farasi mmoja. Labda punda. Kati ya chafu na mpya ni sentimita 14, asilimia 1.4, hapo kuna farasi watatu wanne, na hao unawapata kwa elfu 55.

Mkitaka kujua hiyo 0.3 ni ndogo kiasi gani, pandeni Lushoto. Pale mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa imeshapungua karibu asilimia 15. Hakuna anayefika Lushoto akasema gari imekufa.

#14 Psss_Tanga
Na hayo maji yangevutwa kwenye turbo je?

#15 Mpima_Maji
Katikati kulikuwa na chupa tupu ya soda kama mtego, maji yakizidi yanaangukia humo. Mimi nachekesha lakini si mwendawazimu.

#16 Soni_Baridi
Mkuu #13 sisi wa huku tunasema gari imekufa kila siku, nyie ndio hamtusikii. Hasa hizi zisizo na turbo zikibeba kabichi. Ila za turbo zinajitahidi, kompyuta ikiona presha haijafika inaizuia westigeti (kile kilango cha kupunguzia presha ya turbo) isifunguke na turbo linazunguka zaidi kufidia.

#17 Mjuzi_wa_Duga
Hapo sasa mmejichanganya. Kwenye turbo kila kinachobana kabla ya turbo kinazidishwa mara mbili, kwa sababu turbo linazidisha hewa mara mbili. Kwa hiyo sentimita 3 ni 6. Na mimi nimeendesha zote mbili, ile ya kuosha turbo linaitika mapema, hilo huwezi kulipima kwa mpira wa levo, linasikika mgongoni.

#18 Mpima_Maji
Sentimita zinazidi lakini na hewa yote imezidi, asilimia inabaki ileile. Kuhusu mgongo sina kipimo.

#19 Dada_Forester
Jamani mimi mwenzenu nina Forester turbo huu mwaka wa sita, Tanga–Korogwe–Lushoto kwa biashara zangu. Kila elfu 5 nikibadili oili natupa karatasi naweka mpya, na nanunua tatu kwa mpigo zikiwa na namba kwenye boksi. Subaru namba ya filta ya hewa inaanza na 16546, Nissan nao hivyohivyo, Toyota inaanza 17801. Ukiona boksi limeandikwa tu FILTER halafu picha ya gari jingine, acha. Ile ya elfu 18 niliwahi kuinunua, mpira wa pembeni mgumu kama ndala iliyokaa juani, ukifunga boksi haukai, upande mmoja kuna mwanya kidole kidogo kinapita. Vumbi haliulizi, linapita kwenye mwanya.

#20 Psss_Tanga
Dada unajua mpaka namba? Au umeandikiwa na shemeji?

#21 Dada_Forester
Shemeji yako ana IST na mimi ndio nambadilishia plagi. Endelea na pssss yako mdogo wangu.

#22 Kahawa_Chungu
Mhudumu ongeza kahawa, mbili, moja ya baridi mpelekee Psss apoe.

#23 Mzee_Landrova
Wajukuu nimewasoma. Mimi nimeendesha Landrova za mashamba ya mkonge miaka mingi, kuanzia 1979. Zile hazikuwa na karatasi wala pamba, kulikuwa na bakuli la oili chini, hewa inaingia inagonga oili inageuka kwenda juu, vumbi linabaki limenasa kwenye oili. Jioni unafungua bakuli, unakuta tope, unamwaga, unaosha kwa mafuta ya taa, unatia oili nyingine. Hakuna cha laki 2. Hizi karatasi mimi nazipuliza na kompresa zinarudi mpya, napuliza mpaka mara kumi.

#24 Fundi_Makorora
Shikamoo mzee. La bakuli ni kweli kabisa, na gereji bado tunaziona moja moja. Ila kupuliza karatasi nakuomba radhi. Upepo wa kompresa ukiuelekeza karibu unatoboa nyuzi, matundu hayaonekani mpaka uimulike na tochi kwa ndani. Na wengi wanapuliza kutokea upande wa nje, wanalisukuma vumbi liingie zaidi. Kama huna namna, gonga taratibu kwenye tairi, puliza kwa mbali kutokea ndani kwenda nje, mara moja, ya pili tupa. Halafu kuna jambo watu hawalijui, karatasi ikishapata vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko ikiwa mpya kabisa, kwa sababu lile vumbi la kwanza linaziba vitundu vikubwa. Kwa hiyo kuitoa toa kila wiki unaiharibia kazi.

#25 Mzee_Landrova
Marahaba. Mimi napuliza tu.

#26 Mfanyakazi_Pongwe
Naongezea la vumbi lenyewe. Mleta uzi tunapita njia moja. Huku kwetu vumbi ni la chokaa na saruji, laini kama poda, sio kama lile jekundu la Handeni. Asubuhi kukiwa na unyevu linashika kwenye filta linakuwa kama ukoko. Yangu niliivunja kwa mkono, kama mkate mkavu. Kwa hiyo zile kilomita zilizoandikwa kwenye boksi msizifuate, huku gawa kwa mbili.

#27 Sahare_Pwani
Sidhani kama ni saruji, hiyo ni chumvi ya bahari. Sisi tunaokaa ufukweni hatupiti Pongwe na filta zinakuwa ngumu vilevile.

#28 Mfanyakazi_Pongwe
Chumvi ikivunjwa inatoa vumbi jeupe la kukereketa macho?

#29 Sahare_Pwani
Ilambe ujue.

#30 Mpima_Maji
Msilambe. Fikirieni tu kiasi. Injini ya lita 2 ikizunguka 6,000 inavuta lita 6,000 za hewa kwa dakika bila turbo, turbo likikandamiza inakaribia mara mbili. Pipa la lita 200, mapipa 50 kwa dakika yanapita kwenye hako kamkeka kenye ukubwa wa kitabu. Lita moja tu ya petroli inataka kama lita 9,000 za hewa. Sasa kama kuna mwanya wa kidole aliosema Dada hapo #19, mnajua kinachokwenda kugonga mapanga ya turbo.

#31 Mwana_Sahare
Asanteni wote. Nimerudi na taarifa. Baada ya kusoma #19 nimekwenda kufungua boksi mwenyewe. Nimechukua kitambaa cheupe cha kanzu kuukuu nikakifunga kwenye kidole nikafuta ndani ya bomba BAADA ya filta, pale panapotakiwa kuwa safi. Kimetoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikakisugua na vidole kinakwaruza. Yaani vumbi linapita. Kuangalia vizuri, boksi lina klipu za chuma za kubania mfuniko na moja haipo, mahali pake wamefunga waya wa kufungia kuku.

Na eaflo ina utando mweusi unaong'aa, sasa sijui ni oili ya filta ya zamani au ni nini maana hii iliyokuwemo ni karatasi.

#32 Altezza_Chumbageni
Mwenye gari aliyekutangulia aliweka ya kuosha akaitoa kabla ya kuuza, nakuhakikishia. Huo utando ni oili. Nunua dawa ya kupuliza ya sensa, usiguse waya kwa kidole wala pamba wala mswaki, na usitumie ile ya kabureta.

#33 Fundi_Makorora
Si lazima. Injini hizi zikizeeka zinapumua oili, mvuke unarudi kwenye bomba la kuvutia hewa, ukizima gari ikiwa ya moto unapanda mpaka kwenye boksi. Nimeona eaflo zenye utando kwenye gari ambazo hazijawahi kuona filta ya kuosha. Na hiyo kukohoa kwa 3,000 mimi mashaka yangu yapo kwenye lile bomba la mpira linaloingia kwenye turbo kwa chini, chini ya manifoldi (yale mabomba ya kugawia injini hewa), linapasuka kwa joto na huwezi kuliona bila kutoa vitu. Hewa inaingia pale bila kuhesabiwa na sensa, sailensa inapanda inashuka. Dalili zilezile.

#34 Mjuzi_wa_Duga
Koili hiyo, ile inayotoa umeme wa cheche ya plagi. Gari ikikohoa turbo likianza kusukuma, asilimia kubwa ni koili au plagi, cheche inazimwa na presha.

#35 Soni_Baridi
Naye Mjuzi leo kapatia moja, inawezekana.

#36 Mjuzi_wa_Duga
Muiandike tarehe.

#37 Kijana_Mikanjuni
Mimi nakuja na nyingine kwa wanaotaka kushusha bomba la filta chini ya bampa eti livute hewa ya baridi. Kaka yangu alifanya hivyo kwenye Mark II yake, GX110. Masika, mvua ya saa moja, barabara za Ngamiani mnazijua zikijaa, maji hayakufika hata kwenye mlango. Filta ilikuwa chini pale kwenye taa ya ukungu ikachota kama kata. Injini ikakata PAP. Maji hayakandamiziki kama hewa, mkono wa pistoni ukapinda. Tumeisukuma mpaka nyumbani na watu wanatupigia makofi. Injini nyingine ya mtumba milioni na ushee.

#38 Kahawa_Chungu
Pole sana. Ila Tanga yetu husema waja leo waondoka leo, sasa maji na vumbi ndio vinakuja haviondoki.

#39 Mwana_Sahare
Mrejesho wa pili. Nimechukua karatasi ya elfu 55, namba imeanza na 16546 kama alivyosema Dada. Mpira wake laini, ukiubonyeza unarudi. Nimefuta boksi kwa kitambaa chenye maji, nimepuliza dawa kwenye eaflo nikaiacha ikauke nusu saa. Siku mbili za kwanza gari imetulia kabisa, mshale umesimama kama bendera ya shule. Siku ya tatu imenyesha, asubuhi ikaanza tena kupanda kushuka, mchana ikaacha. Kukohoa kumepungua ila kupo. Nimeazima kile kimashine cha kusomea kompyuta ya gari kinachoungwa na simu, kwangu kimekataa kuungana.

#40 Fundi_Makorora
Lile bomba la mpira. Njoo tupulize moshi ndani ya bomba tuone unapotokea.

#41 Mjuzi_wa_Duga
Unyevu = koili. Nimemaliza.

#42 Altezza_Chumbageni
Au waya wa kuku, ule mwanya wa klipu bado upo si ndio? Vumbi litairudia sensa mwezi huohuo.

#43 Dada_Forester
Anza na klipu. Ni kitu kidogo, halafu ndio mgombane na koili.

#44 Mwana_Sahare
Klipu nimezunguka maduka manne, kila mmoja anataka kuniuzia boksi zima laki na nusu. Nani ana klipu moja tu?

#45 Psss_Tanga
Mimi si nilitoa boksi langu lote? Lipo chini ya kitanda na klipu zake zote. Njoo Raskazone jioni, elfu 5, na uje na koleo maana zimeshika kutu.